Kitu cha Pacha Hakiji Kimoja

Mchana ule haukuwa na lolote la ajabu. Elida alianua dagaa wake mapema, akampa mwanawe Mbuyu wali na mchuzi wa mawese, kisha wakakaa barazani kusoma kama ilivyokuwa desturi yao. Sisi tunaoishi Kasingirima, upande wa kuteremkia ziwani, tulizoea kumsikia. Alisoma kwa sauti kubwa kuliko anavyosomewa mtoto mmoja. Sababu tuliijua, ila hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Mbuyu alizaliwa pacha. Mwenzake, Kabange, alikufa kwa malaria wakiwa na miaka mitatu. Ukoo wao ulivuka ziwa kutoka Kongo, na kwao pacha haliliwi, maana ukimlilia atarudi kumfuata mwenzake. "Amekwenda kuteka maji," alisema Stephania, mama mkwe wa Elida, siku ya maziko, akimfuta mkwewe macho kwa ncha ya kitenge kabla chozi halijadondoka.

Tena kitu cha pacha hakiji kimoja. Ukimnunulia Mbuyu kandambili, unanunua na za Kabange. Hata vitabu vya picha vilikuwa viwili viwili: cha Mbuyu mapajani mwake, kimejaa alama za vidole vya mawese, na cha Kabange kimefunuliwa kwenye mkeka, kisafi, upande usiokaliwa na mtu. Hadithi ikiisha, Elida huvifunga vyote viwili na kusema, "Haya, twende ndani."

Mumewe, Meshack, alikuwa fundi wa nondo Dar es Salaam, na nyumbani alionekana Krismasi tu. Mwaka huu alituma kwa treni tableti ya kusomea. Ilikuwa nyembamba, kioo chake cha kijivu, haina katuni wala muziki, vitabu tu, tele. Vitabu hivyohivyo vilikuwamo kwenye simu yake, na kila Elida alipowasha intaneti, Meshack aliona kule aliko ukurasa waliofikia. "Nikiona mmefunua ukurasa, naona kama nimekaa nanyi," alisema. Elida alikata simu akalia kidogo. Kumlilia mume kulikuwa hakujakatazwa.

Stephania aliigeuza tableti huku na huku. "Na ya Kabange iko wapi?"

"Mama, humu mna vitabu zaidi ya mia. Kitu kama hiki kitahesabiwaje kuwa kimoja?"

"Miye naona kimoja."

Elida alicheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini nani angemlaumu? Vitabu vya karatasi ni ghali, na vyao walishavikariri. Wakawa wanasoma tableti mchana, na vile vya karatasi jioni, maana Mbuyu alipenda picha zenye rangi. Siku zilivyokwenda, jioni zikarukwa. Kitabu cha Kabange kikabaki kimefungwa.

Kisha kurasa zikaanza kwenda zenyewe.

Elida aliacha hadithi kwenye kuku anayetaga, akaikuta kwenye kuku aliyeibiwa mayai. Akamwonya Mbuyu asichezee kioo.

"Si mimi," Mbuyu alisema. "Ni Kabange. Hajui kusoma, anaangalia picha tu. Anauliza rangi zimekwenda wapi."

Elida aliifuta tableti kwa upindo wa kanga, akaiweka juu ya kabati, asikofika mtoto. Aliporudi kutoka kuanua dagaa, aliikuta barazani, kwenye mkeka, upande ule usiokaliwa. Katikati ya kioo palikuwa na alama za vidole, za rangi ya mawese. Alichukua mkono wa Mbuyu, akaulinganisha. Vidole vya Mbuyu vilikuwa vikubwa. Hivi vilikuwa vya mtoto wa miaka mitatu.

Alimwendea mama mkwe wake bila hata kufunga mlango. Stephania alisikiliza mpaka mwisho.

"Umempa mmoja, mwingine umemwacha anachungulia," alinong'ona. "Sasa atamwita mwenzake waende wakasome kwake."

Elida akampigia Meshack. Meshack akaahidi kununua ya pili akilipwa, huku akicheka. Alicheka kwa upole, lakini alicheka.

Siku mbili baadaye, alasiri, Elida alikuwa akiosha vyombo uani. Mbuyu alikuwa barazani. Alikuwa akisimulia kitu, kwa sauti ya chini, akinyamaza, akiendelea. Kisha akanyamaza. Hakuendelea.

Baraza lilikuwa tupu. Elida alikimbia. Hakuita. Hakutaka jina lile lisikike na yule mwingine. Alimkuta ziwani, maji kifuani, tableti kaiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa akitembea. Ziwa lilikuwa shwari, hakuna mtumbwi, hakuna mtu. Alikuwa akisema, "Ningoje basi."

Elida alimnyakua. Mtoto alikuwa mzito. Mzito kuliko alivyozoea. Kitu kilikuwa kinavuta upande wa pili, hakikuvuta kwa nguvu. Kilivuta kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake. Kisha kikaachia.

Jioni ileile, jua likiwapo, waliizika tableti kwenye kaburi la Kabange, ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Stephania ndiye aliyesema. "Kabange, hii ni yako. Mbuyu ana vyake vya karatasi. Msigombane."

Ikawa kweli. Mbuyu akarudi kwenye vitabu vyake, vidole vya mawese, maswali yasiyoisha. Elida akaanza kulala. Sisi majirani tukasikia tena ile sauti yake barazani.

Kisha Meshack akapiga simu. Elida hakuwa amemwambia habari ya kaburi, angeanzia wapi?

"Nawaona bado mnasoma," Meshack alisema kwa furaha. "Ila mbona mmekwama? Ni Kiboko Mdogo, ule ukurasa anapoachwa ng'ambo ya mto anamwita mama yake. Wiki nzima mpo hapohapo."

Tableti ilikuwa ardhini. Haikuwa na chaji, haikuwa na intaneti. Kilichomtisha Elida hakikuwa kuwa inasomwa. Kilichomtisha ni kwamba alielewa kwa nini imekwama. Hajui kusoma. Anaangalia picha, anangoja mtu amsomee.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kiboko Mdogo alikuwamo pia kwenye vitabu vyao vya karatasi. Elida alimwacha Mbuyu nyumbani na bibi yake, akachukua kile kitabu chenye madoa, akaenda makaburini peke yake mchana kweupe. Akaketi. Akasoma tangu mwanzo, akielekeza picha kaburini, akitaja rangi: maji ya bluu, majani ya kijani, mama kiboko wa kahawia. Alipofika pale mtoto anapoita, aliacha kusoma. Akalia. Alilia kilio chote alichofutwa siku ya maziko. Kisha akaendelea, mpaka mama akavuka mto, mpaka mwisho.

Akafunga kitabu. Na kwa mazoea tu, kama alivyosema barazani kila siku, akasema, "Haya, twende ndani."

Alikuwa amekaribia nyumbani simu ilipotetema. Ujumbe wa Meshack: "Hatimaye mmemaliza! Hongereni."

Elida alipofika, Stephania aliondoka. Mbuyu alikuwa ameshatandika mkeka; akampokea mama yake kile kitabu chenye madoa, akavifunua vyote viwili. Elida akajitupa pale, akavuta kile cha Kabange. Juu ya kiboko mdogo palikuwa na alama ya kidole kimoja, ya mawese, mbichi. Siku ile walikula samaki wa kuchoma, migebuka, na ugali. Mawese yalikuwa yamekwisha tangu juzi.

Mbuyu alimtazama mama yake, akamtazama tena, kisha akamvuta kanga taratibu.

"Mama, sogea," alinong'ona. "Unamkalia."

Elida akasogea.