Sauti ya Mzunguko

Jua lilikuwa linazama Fundi Mapazia alipoifunika cherehani yake na kushuka ngazi kwenda kununua kadi ya sauti ya kompyuta. Usimcheke. Ni kweli alikuwa mtu mzima, miwani puani, vipande vya uzi vimemganda kwenye sketi, na kila jioni alicheza gemu ya kuwindana na maadui ndani ya jengo bovu. Hakupenda bunduki hata kidogo. Alipenda kucheza na mdogo wake wa kiume, aliyehamia mbali kikazi. Hiyo ndiyo ilikuwa saa pekee ya siku ambayo mtu alimwita dada.

Na saa hiyo ilikuwa hatarini.

"Dada, adui anakujia nyuma na mabuti yake, wewe husikii kitu," mdogo wake alimwambia jana yake. "Kuna jamaa wa kazini anaitaka nafasi yako. Mimi sitaki kumpa, lakini tutakufa hivi mpaka lini?"

Alisema kwa utani. Fundi Mapazia hakupata usingizi.

Fundi wa kompyuta alimtolea kikadi cha kuchomeka ubavuni mwa mashine, kidogo kama kiberiti, kilichokwisha kutumika na kurudishwa.

"Mwenyewe alikirudisha kwa nini?"

"Alisema kinasikika vizuri mno." Yule fundi wa kompyuta akapandisha mabega. "Sasa sikiliza, mama. Unavaa hedifoni, basi chagua hedifoni, usichague spika. Besi, ile sauti nzito, ipunguze, inameza vishindo vya miguu. Halafu kuna sauti ya mzunguko, ile inayokujulisha mtu yuko mbele au nyuma. Iwashe sehemu moja tu. Ama kwenye gemu, ama kwenye kadi. Usiwashe kotekote."

"Nikiwasha kotekote?"

"Utasikia vitu ambavyo havipo."

Maneno ya mafundi hayo, akajisemea, na akaenda zake.

Nyumbani alipunguza besi, akachagua hedifoni, kisha akaiwasha sauti ya mzunguko kwenye gemu. Akasita. Akaiwasha na kwenye kadi. Mtu anayeogopa kuachwa huona dawa ikizidi ndiyo itamponya haraka.

Mdogo wake alikuwa bado hajaingia. Akaanza peke yake, apate kujaribu. Akasikia mvua ya kwenye gemu ikigonga mabati... upepo ukipita kwenye korido...

Pwa... pwa... pwa...

Nyuma yake.

Hayakuwa mabuti. Katika gemu ile kila mtu huvaa mabuti. Hizi zilikuwa nyayo tupu, zimelowa, zikitembea taratibu kama za mtu anayekagua chumba cha kupanga. Harufu ya udongo mbichi ikamjaa puani. Akavua hedifoni. Kimya. Nyuma yake palikuwa na pazia la mteja, halijapindwa. Akavaa tena.

Pwa.

"Hodi..."

Sauti ilinong'ona kwenye kisogo chake. Akazima sauti ya mzunguko kwenye kadi. Nyayo zikakatika papo hapo.

Mdogo wake akaingia, na jioni ile ilikuwa ya ajabu. Fundi Mapazia alimsikia adui kupitia ukuta, kulia kabisa, akamwahi. Akamwahi wa pili. Wakashinda.

"Dada! Leo umekula nini wewe?" Mdogo wake alicheka mpaka akakohoa. "Jamaa wa kazini asahau." Kisha akasema, "Ila wiki hii sitakuwepo. Shughuli zimenibana."

Akaondoka. Fundi Mapazia alibaki na hedifoni masikioni, bila sauti yoyote ndani. Nafasi yake alikuwa ameipata, na hapakuwa na mtu wa kukaa naye. Akautazama mpangilio ule aliouzima kwenye kadi. Akajua anachofanya.

Akauwasha.

Pwa... pwa...

"Hodi..."

"Karibu," akanong'ona.

Wiki nzima walikaa hivyo, yeye akishona, kile kitu kikipumua nyuma ya kiti. Mwanzoni nywele zilimsimama. Kisha akazoea, kwa sababu kilikuwa kinamuuliza habari zake, na hakukumbuka mara ya mwisho mtu alipomuuliza.

"Mdogo wako unamwitaje?"

"Kitinda. Ndiye wa mwisho kwetu."

"Unacheka vipi akikutania?"

Akakionyesha.

"Tena," kikasema.

Akacheka tena.

Kitinda aliporudi, jioni kabla taa za barabarani hazijawaka, Fundi Mapazia alikuwa amevaa hedifoni tayari, moyo umemjaa furaha.

"Dada, upo?"

Akafungua kinywa ajibu.

"Nipo, Kitinda wangu. Umeninyima raha wiki nzima."

Sauti ilikuwa yake. Ilitoka mbele, pale kwenye maiki, na midomo yake ndiyo iliyocheza. Yeye hakuwa ameisema. Alijitahidi kupiga kelele, na kelele zile akazisikia zikitokea nyuma ya kiti, mbali, kwenye giza linalonuka udongo.

"Kitinda! Siyo mimi! Kitinda!"

"Dada," mdogo wake akasema, "kuna mtu nyuma yako? Kama nasikia mtu analia."

Kicheko kikatoka. Kicheko chake hasa.

"Ni mipangilio tu, mdogo wangu. Nimewasha kotekote. Ngoja nizime."

Akauona mkono wake mwenyewe ukiishika mausi, ukaisogeza bila haraka.

"Kitinda—"

Kliki.

"Sasa imetulia," mdogo wake akasema. "Twende, dada."

Tangu siku hiyo Kitinda hakosi kupiga simu. Huwaambia wenzake kazini kwamba dada yake amechangamka, wala hakumbuki ni lini waliwahi kupendana hivi.