Maneno ya Siri ya Étienne

Saa tatu asubuhi kompyuta iliuliza maneno ya siri ya ufunguo wa barua pepe, na Domitille akayaandika bila kuwaza. Saa nne ikauliza tena. Saa tano iliuliza mara mbili, na hapo ndipo aliposikia harufu ya tope.

Mwanzoni alilaumu programu. Juzi yake Gédéon, fundi wa ofisi yao ndogo hapa Kilibula, aliweka toleo jipya la barua pepe, na programu mpya zina vituko vyake. Ila barua za ofisi hii hazikuwa za salamu. Zilifungwa kwa ufunguo kwa sababu zilitaja mashahidi wa mauaji na maficho yao, nao mashahidi walifundishwa kuamini barua yenye muhuri wa ufunguo huo tu. Saa nane Domitille angempokea mmoja wao, Agnès wa Kamanyola, mbele ya kanisa. Wanaomwinda wakimtangulia, basi tena.

Kompyuta ilikuwa ya Étienne, mwenzake wa kazi, aliyesombwa na mto Mulongwe wiki tatu zilizopita. Mashahidi hawakuambiwa, wasije wakaingiwa na hofu. Maneno ya siri walikuwa wakiyajua Étienne na Domitille tu. Vitu vya marehemu haviguswi kabla ya kuondoa matanga, na mjane wake, Divine, alimsihi Domitille alipofika mlangoni kuichukua kompyuta: "Dada, acha kwanza hiyo masine. Kilio iko bado." Domitille akajibu kwamba kazi haingoji kilio. Mjuaji huyo!

Saa saba mchana, akiwa ameandika mara sita, alimpigia Gédéon.

"Hii kitu iko inaniuliza tu maneno ya ufunguo."

"Domi, minye nilitosha, niliiondoa ile maneno tangu juzi, wakati weye uliiandika mara ya mwisho. Ufunguo inajifungua yenyewe. Weye iko unaandikia nani?"

Domitille alitaka kucheka akashindwa, kwa maana kisanduku cha kuuliza maneno ya siri kilikuwa kimefunguka tena mbele yake, jua linawaka dirishani na harufu ya tope imejaa chumba kizima, na chini ya kompyuta maji yalikuwa yakitiririka taratibu hadi ukingo wa meza, yakidondoka sakafuni, tone kwa tone, huku mkono wake ukifungua barua zilizotumwa na kuikuta moja ya saa tatu, dakika ileile alipoandika maneno kwa mara ya kwanza, yenye muhuri wa ufunguo na jina la Étienne: Agnès, usije kanisani, nitakungoja darajani Mulongwe.

Akampigia Agnès simu.

"Niko ku daraja, mama," Agnès alinong'ona. "Étienne amefika. Lakini nguo yake yote imelowa, na haongei."

"Kimbia! Étienne alikufa!"

"Mulinifundisha nisiamini simu," Agnès alisema kwa woga. "Barua tu."

Simu ikakatika. Domitille alibaki amesimama majini, akiliita jina la Agnès. Étienne aliyajua maneno yale. Yeye asingekuwa na haja ya kuuliza; aliyeuliza, na aliyesimama darajani, alikuwa mwingine.