Chuma Kisichopozwa

Ijumaa ile ilianza kama siku nyingine yoyote. Njue alikunywa chai kwa nduma, akamfunga Nelius, bintiye wa miaka tisa, kamba za viatu vya shule, kisha akatoka nyumbani kwake Manyatta kwenda kazini mjini Embu. Kazi yenyewe ilikuwa kufunga magari ambayo hayajalipiwa maegesho. Kampuni ilikuwa imempa chuma cha manjano chenye taya na kufuli, kile ambacho watu wa mjini wanakiita klampu, na Njue alikipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Kuna watu ukiwapa rungu tu wanajiona jeshi zima.

Asubuhi hiyo taya la klampu lilivunjika. Akakipeleka chuma chake kwa mzee Runji, nyuma ya soko, mtoto wa ukoo wa wahunzi ambaye bado alikuwa anatumia mvukuto. Mzee akafua taya jipya, akalikaza. Kisha akachukua kibuyu cha maji, kama baba yake alivyofanya kwa kila jembe na kila panga kabla halijavuka kizingiti.

"Wacha niipoze kwanza," mzee alisema.

"Imeshapoa, mzee. Si naishika na mkono?"

"Hiyo ni mkono yako inasema. Chuma haijapozwa inajua kushika tu. Haijui kuachilia."

"Mzee, mimi nimeokoka. Hizo ni mambo za shetani."

"Sijataja shetani," mzee alisema polepole. "Nimetaja maji."

Njue akacheka, akaondoka nacho.

Saa tisa mchana alilifunga gari la mwalimu mmoja aitwaye Wamuyu, lililokuwa limesimama mbele ya duka la dawa. Wamuyu alitoka dukani mbio. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amelala mwanawe Munyi, akihema kwa shida.

"Afisa, tafadhali. Napeleka mtoto hospitali."

"Lipa kwanza, mama. Hapa kila mtu ana mtoto."

Akalipa. Njue akazungusha ufunguo, klampu ikatoka, lakini gurudumu halikuzunguka. Injini ilinguruma, gari likatetemeka palepale. Wanaume wanne wakasukuma wakashindwa.

"Hiyo sasa ni shida ya gari yako," Njue alisema, akageukia gari lililofuata.

Wamuyu akambeba mtoto mgongoni, akakimbia. Jioni Njue akasikia kwamba Munyi alikata roho kabla mama yake hajafika getini. Alisema kila mtu na siku yake, akaagiza chai. Na chai ile aliimaliza.

Saa tatu usiku, akiwa bado zamu karibu na mabaa, simu ililia. Ni mkewe, Alice.

"Baba Nelius, mtoto amebanwa kifua. Ile dawa yake ya kuvuta imeisha. Zahanati imefungwa na hapa hakuna gari. Kuja nayo haraka."

Alinunua dawa, akakimbia stendi. Matatu za Manyatta zilikuwa zimekwisha. Akapata gari dogo la watu saba, akajibana katikati. Mji ulipoisha tu, gurudumu la mbele la kushoto likagoma. Dereva akashuka na tochi, akainama. Hakukuwa na kitu. Njue aliposhuka ili asukume, gari likaanza kusonga lenyewe. Alipopanda, likasimama.

Mama mmoja akamnong'oneza dereva. "Huyu abaki."

Wakamwacha.

Akapata bodaboda ya Kaberia, kijana waliyejuana naye siku nyingi. Wakaenda hadi nusu ya njia, ukungu ukiwa umeshuka juu ya mashamba ya majani chai, kisha gurudumu likakwama. Kaberia alimulika gurudumu. Halafu akammulika Njue, akammulika kwa muda mrefu.

"Shuka, mzee," alisema kwa sauti ya chini. Njue akashuka. Gurudumu likazunguka. "Unaona? Nipe hiyo dawa nipeleke mimi. Ni dakika kumi tu, niko kwa mlango yako."

Njue aliikumbatia ile dawa. Alijua ni vitu vingapi vya watu vilivyopotelea mikononi mwake mwenyewe, na kwa hiyo hakumwamini mtu yeyote mwenye mikono.

"Nitafika," alisema.

Kaberia aligeuza pikipiki, akarudi mjini.

Njue akatembea. Mguu wa kushoto ulikuwa mzito. Nyuma yake kulikuwa na sauti ya chuma kikiburuzwa kwenye lami. Akisimama, nacho kinasimama. Hakugeuka. Akapanda kilima akivuta mguu, mpaka akaiona taa ya nyumba yake ng'ambo ya bonde.

Hapo mguu ukakwama.

Akauvuta. Akauvuta kwa mikono miwili. Lami tupu. Simu ikalia.

"Uko wapi?" Alice alinong'ona.

"Karibu. Naona taa."

"Anakuuliza."

Alice akaiweka simu karibu na mtoto. Njue akasikia pumzi. Nyembamba. Moja. Kisha nyingine. Akalia, akavuta, akaliita jina la Yesu. Akasikia pumzi nyingine. Akasubiri ifuatayo.

Haikuja.

Na mguu ukaachiliwa.

Baada ya mazishi alimpelekea mzee Runji klampu, akiwa ameibeba kwa mikono mitupu. Mzee akainyunyizia maji ya kibuyu. Ikachemka shiii, mvuke ukajaa kibandani, kana kwamba imetoka motoni sasa hivi. Mzee alimjazia chupa kwa maji yaleyale.

Nelius alikuwa na tabia ya kuvua viatu bila kufungua kamba. Kiatu cha kulia Alice alikizika naye. Cha kushoto kiko palepale chini ya kitanda, na fundo alilolifunga Njue asubuhi ile bado limekaza. Wamekiombea. Wamekinyunyizia maji ya mzee mpaka chupa ikaisha. Wanaume wawili wamejaribu kukiinua wakatoka jasho. Siku hizi Alice hufagia akikizunguka.