Mkoromo wa Mzee Ojulong

Alasiri za mvua, wenzake wakichambua pamba, Aguti wa kule Mella alikaa mlangoni akimsikiliza marehemu mumewe akikoroma.

Mzee Ojulong alizikwa miaka mitano nyuma, kando ya ghala la nafaka ya wimbi. Lakini mkoromo ulitoka kwa mjukuu wake wa miaka minne. Siku ya kumpa mtoto jina, Aguti alichovya kidole katika pombe, akakitia kinywani mwa mtoto huku akitaja majina ya wafu, kama ilivyo desturi ya Wateso. Majina matatu mtoto aliyakataa. Lilipotajwa la Ojulong, akanyonya. Basi alipoanza kukoroma kama mtu mzima, Aguti hakushangaa. Mwenye jina amekuja.

Apolot, mama wa mtoto, aliona mengine. Mwanawe alilala kinywa wazi, shingo ameinyoosha nyuma, jasho likimtiririka. Mchana alisinzia na chakula mdomoni. Kaptura ya mwaka juzi bado ilimtosha.

Kilichomtisha Aguti ni kimya. Mkoromo ulikatika ghafla. Kifua cha mtoto kikavuta, kikavuta, na hewa haikuingia. Nyumba nzima ikawa kama kuna mtu amesimama ukutani, anasikiliza. Kisha mtoto akashtuka na kutweta. Mzee anamwita, Aguti aliwaza. Atamchukua. Akakubaliana na mwanawe Etyang, baba wa mtoto, kumwita Oguttu, mkata vimio wa upande wa Busia. Angekuja Jumamosi na kisu chake, akikate kile kinyama kinachoning'inia kooni, mzee apate njia ya kutoka.

Alhamisi akapita Felistus, nesi Msamia aliyezunguka nyumba kwa nyumba akichanja ndui. Mvua ikamfungia nyumbani kwa Aguti. Alipousikia ule mkoromo aliomba mtoto asiamshwe. Akakaa mkekani, akamfunua kifua, akashika saa yake.

Mkoromo ukakatika.

Matone yalidondoka kutoka kwenye nyasi za paa. Midomo ya mtoto ikageuka rangi. Aguti akainama juu yake.

"Ojulong, muache," alinong'ona. "Mimi ndiye nilikuita. Kama unataka mtu, chukua mimi."

Felistus alikwisha kumgeuza mtoto ubavu. Hewa ikaingia kwa kishindo.

"Sekunde kumi na tano, Mama Etyang," alisema.

"Ni mume wangu. Yeye alikoroma hivi hivi."

"Mzee alikoroma kwa pombe. Huyu amekunywa nini?"

Apolot akageuza uso, asionekane anacheka.

Mtoto alipoamka, Felistus alimpeleka penye mwanga, akamkandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko, akamwita Aguti atazame mwenyewe. Aguti alitazama sana. Pande mbili za koo kulikuwa na mafindofindo, mekundu, makubwa kama kokwa za fenesi, karibu yanagusana. Kimio kilining'inia katikati, kidogo, hakina kosa.

Felistus akawaeleza taratibu. Mtoto akiwa macho, koo hukaa wazi. Akilala, koo hulegea, na ile nyama huziba njia. Huenda nyuma ya pua nako kuna nyama nyingine. Kukoroma kwa mafua hupita, na si kila mtoto anayekoroma hukatwa. Lakini anayekata pumzi usingizini, asiyekua, anayesinzia mchana, lazima daktari amwone. Kukata kimio hakungefungua njia. Kungeleta damu nyingi, au pepopunda.

Jioni Etyang alisema kisu cha hospitali nacho ni kisu. Felistus hakumdanganya. Hatari ipo, alijibu. Ndiyo sababu daktari hupima damu kwanza, humlaza mtoto kwa dawa, na humweka wodini amwangalie.

Etyang akamgeukia mama yake. Yeye ndiye aliyelitoa jina; neno la mwisho lilikuwa lake.

Aguti alimvutia mtoto mapajani. "Mimi nilisikia mtu," alisema. "Kumbe mtoto anakabwa, na mimi nakaa hapo nasikiliza. Oguttu aambiwe asije. Kesho nakwenda naye."

Walipanda gari la moshi Tororo mpaka hospitali kubwa. Daktari alimpima, akakubali mafindofindo yatolewe, pamoja na nyama iliyokutwa nyuma ya pua. Siku za kwanza mtoto alilia koo na masikio. Alipewa dawa ya maumivu, maji mengi na uji uliopoa. Walionywa: kwa wiki mbili, akitema damu mbichi, arudishwe mara moja, hata usiku wa manane. Haikutokea.

Usiku wa kwanza nyumbani, Aguti ndiye aliyekosa usingizi. Hakuzoea nyumba tulivu namna ile. Alipapasa gizani mpaka akaupata uso wa mtoto. Kinywa kimefungwa. Aliweka kidole chini ya pua. Hewa ya vuguvugu ikatoka, ikaingia, ikatoka. Alikiacha kidole pale mpaka mkono ukafa ganzi.

Wiki ya tatu, asubuhi moja, mtoto aliamka kabla ya watu wote akadai kiazi. Akakimaliza, akadai kingine. Aguti akampa cha kwake.