Futi Nne, Si Sita

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijapita saa mbili kasorobo, Sukhmani Dhaliwal alikagua trekta. Alipima oili kwa kijiti chake, akatazama maji, akachomoa wavu unaokaa mbele ya rejeta, kisha akaipuliza rejeta kwa kompresa ya upepo. Alipuliza kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa sababu ukipuliza kutoka mbele unazidi kuusukuma uchafu ndani. Akimaliza, aliweka tiki kwenye daftari lililoning'inia ukutani mwa banda.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na ufunguo wa banda ulikaa shingoni mwake. Hakuna mtoto mwingine wa Woolgoolga, mji mdogo wa pwani ya Australia, aliyekabidhiwa trekta ya nyumbani kwao namna hiyo. Alikuwa na hakika, maana aliuliza darasa zima.

Aliyempa kazi hiyo ni Baba Mkubwa Harbhajan, mwenye shamba. Trekta yake ilikuwa ndogo, nyembamba, iliyopita vizuri kati ya mistari ya miti ya makadamia. Sasa ilikuwa Machi, na karanga zake zilikuwa zimeanza kudondoka. Mashine ya kuziokota, ambayo wakulima kadhaa waliipokezana, ingefika Jumanne. Mashine hiyo haiokoti kitu kwenye nyasi ndefu, na karanga zikilala kwenye nyasi zenye unyevu huoza. Mvua ya wiki mbili ilikuwa imeziinua nyasi hadi magotini.

Jumatano jioni Baba Mkubwa alirudi kutoka mnadani na mashine mpya ya kukatia nyasi, upana wake futi sita. Ile ya zamani ilikuwa ya futi nne. Aliifunga nyuma ya trekta, akarudi hatua kumi kuitazama.

"Haya, semeni sasa!"

"Harbhajan," alisema Bibi kutoka barazani, "hiyo trekta imekuwa kama mbuzi aliyefungwa mkokoteni wa ng'ombe."

"Mama, wewe mwenyewe unajua. Kule kwetu Punjab trekta yetu ikipita, watu walitoka nje kuangalia. Leo nionekane nakata na kitu chembamba kama mlango wa choo? Ile ya zamani namwachia Kev jirani. Jumapili anakuja kuichukua."

Ijumaa, Sukhmani alipotoka shuleni, aliikuta trekta imesimama katikati ya shamba, mvuke ukitoka mbele. Baba Mkubwa alikuwa amesimama kando, kilemba kimelowa jasho. Tejveer, mwanawe wa miaka kumi na minne, alikuwa amekaa juu ya ndoo.

"Fundi mkuu amefika," Tejveer alisema. "Karibu, mhandisi! Mgonjwa wako huyu hapa."

"Nyamaza wewe," Baba Mkubwa alimkemea, kisha akamgeukia Sukhmani. "Mara ya tatu inachemka leo. Rejeta hukuisafisha."

"Niliisafisha, Baba Mkubwa."

"Basi inachemka kwa nini? Imeanza kupenda chai?" Alinyoosha mkono. "Lete ufunguo."

Sukhmani aliuvua shingoni, akampa. Hakulia. Alisubiri injini ipoe kabisa, akachomoa wavu. Ulikuwa na mbegu za nyasi, lakini haukuziba. Alichungulia rejeta kwa tochi, akaona mwanga ukipenya kati ya mapezi yake membamba ya bati. Kama si uchafu, basi ni kitu kingine.

Kabla ya chakula cha jioni aliketi barazani na kitabu cha maelekezo ya trekta. Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na jedwali. Injini ilikuwa na nguvu za farasi ishirini na tano, lakini zilizofika kwenye shafti ya nyuma, ile inayozungusha mashine ya nyasi, zilikuwa ishirini tu. Kitabu kilisema kila futi moja ya upana, kwenye nyasi nzito, inahitaji nguvu tano. Sukhmani aligawa. Futi nne. Kwa futi sita zilihitajika nguvu thelathini. Injini ililazimishwa kutoa nguvu zake zote bila kupumzika, na rejeta, ambayo haikuwa kubwa kuliko trei ya chai, haikuweza kuutoa joto lote lile.

Alimpelekea Baba Mkubwa kitabu. Yeye alikuwa mezani, mbele yake daftari la ukaguzi.

"Kwanza nijibu hili," alisema. "Jumatano hakuna tiki."

"Jumatano sikusafisha. Nilichelewa kuamka, basi likawa linakaribia."

"Ungeweza kuweka tiki. Nani angejua?"

"Hakuna."

"Mbona hukuweka?"

"Kwa sababu sikusafisha."

Baba Mkubwa aliweka kidole kwenye tiki ya Ijumaa. "Kwa hiyo leo, penye tiki, ulisafisha."

"Nilisafisha."

Alilifunga daftari. "Haya, nionyeshe hicho kitabu."

Alisoma jedwali mara mbili. "Vitabu huandikwa na watu waoga," alisema mwishowe. "Mashine pana inamaliza haraka, hilo halihitaji kitabu."

"Basi tupime, Baba Mkubwa. Kesho, saa moja kwa kila mashine. Rejeta usafishe wewe kwa mikono yako. Mimi nitashika saa tu."

Bibi alicheka jikoni. "Kubali, Harbhajan. Unaogopa saa ya mtoto?"

Jumamosi asubuhi Baba Mkubwa aliisafisha rejeta mwenyewe, na saa tatu walianza na mashine ya futi sita. Trekta ilitambaa kwa gia ya chini kabisa, ikinguruma. Baada ya dakika kumi na nane mshale wa joto uligusa nyekundu. Baba Mkubwa alizima mashine ya nyasi, akaiacha injini izunguke polepole hadi mshale uliposhuka, kisha akasafisha wavu. Dakika kumi na nne zikapotea. Alipoanza tena, mambo yakawa yale yale. Kila njia kati ya mistari ya miti ilihitaji mipito mitatu. Saa ilipotimia, Sukhmani aliandika: mipito saba, njia mbili na kidogo.

Wakafunga ile ya futi nne. Sasa kila njia ilihitaji mipito minne, na Tejveer hakuacha kulisema hilo. Lakini trekta ilikwenda kwa gia ya pili, mlio wake ukiwa tulivu, na mshale haukuvuka katikati. Haikusimama hata mara moja. Sukhmani aliandika: mipito kumi na minne, njia tatu na nusu.

Tejveer alilisoma daftari juu ya bega lake, akahesabu kwa vidole. "Ndogo imeshinda," alisema taratibu.

Baba Mkubwa alishuka, akafuta uso kwa leso. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akamvika Sukhmani shingoni.

"Nilikulaumu bila kupima," alisema. "Nimekosa." Kisha akampigia Kev simu, akamwambia aje achukue mashine ya futi sita, kwa kuwa trekta ya Kev ilikuwa na nguvu ya kuibeba.

Hadi Jumapili asubuhi shamba lote lilikuwa limekatwa. Mchana walikwenda kwenye hekalu la Kisikh, ambako kila anayefika hulishwa, na walipoketi chini kula dengu na chapati, Mzee Gurdev, mkulima wa matunda ya bluberi, alipaza sauti ili safu nzima isikie.

"Harbhajan! Nasikia mashine kubwa umempa Kev. Sasa unakata shamba kwa mkasi?"

Watu wakacheka. Baba Mkubwa alimeza tonge kwanza.

"Ndiyo, kwa mkasi, na nimemaliza kabla yako," alijibu. "Nilidhani heshima ya mkulima iko kwenye upana wa mashine. Haiko huko. Iko kwenye kazi iliyokamilika na trekta iliyorudi bandani nzima. Kila injini ina kipimo chake, na anayekijua ndiye anayemaliza mapema. Aliyenifundisha huyu hapa. Nilimwamini kwa sababu siku aliyokosa kusafisha hakuweka tiki. Anayesema kweli juu ya kosa lake, hesabu zake nazisikiliza."

Mzee Gurdev alimgeukia Sukhmani, mzaha umepungua sautini. "Eti binti, ya kwangu ina nguvu thelathini na tano. Nifunge futi ngapi?"

Sukhmani alifuta vidole. "Kwenye injini au kwenye shafti, Babu?"

"Hata sijui," Mzee Gurdev alisema. "Kesho nitakuletea kitabu chake." Baba Mkubwa alijaribu kuzuia tabasamu, likamshinda, likaenea uso mzima.