Maua ya Pinki Mlangoni kwa Kamanthe

Kikohozi kilitoka nyuma ya jikoni saa ya jua kali, na mwenye hicho kikohozi alikuwa amezikwa tangu mwaka wa El Niño. Kamanthe akaacha kuchochea moto. Harufu ya ugoro ikaingia, ile ya bwanake Nzau.

"Kamanthe," sauti ikamwambia polepole, "utapanda kilima na hayo magoti kutafuta muteta? Iko hapo mlangoni. Chimba."

Na muteta, watoto wangu, ni ile mizizi michungu tunachemsha na mifupa ya mbuzi, mama aliyejifungua apate nguvu. Mkaza mwana wake, Mwelu, alikuwa amejifungua juzi tu. Hapo mlangoni kulikuwa na maua ya pinki, Musembi, mume wa Mwelu, aliyanunua barabarani pale Kyumbi kupendezesha boma. Macho ya Kamanthe yalikuwa na ukungu. Akafuata harufu ya ugoro, akachimba, akachemsha.

"Mwaitu, mama, hii supu ni chungu sana!" Mwelu akalalamika.

"Kunywa, mwana wakwa. Muteta haijawahi kuwa soda."

Mwelu akacheka, akamaliza kikombe.

Jua halijashuka akaanza kutapika, akisema nyumba imegeuka manjano, hata uso wa mtoto ni manjano, na moyo wake ukawa unapiga, unanyamaza, unapiga, unanyamaza, kama mtu anabisha mlango halafu anasikiliza kama kuna mtu ndani, na huko nyuma ya jikoni kitu kikawa kinacheka na sauti ya Nzau, kicheko chembamba kisichovuta pumzi.

Musembi akakimbilia gari ya jirani. Mganga Mwikali akatangulia kufika, akatoa mzizi kwa sufuria, akatazama mlangoni.

"Kamanthe, hii si muteta. Shika majani: marefu kama kisu, matatu matatu kwa kifundo kimoja. Hii ni oleanda. Ni sumu, mzizi mpaka ua."

"Nzau ndiye alinionyesha!"

"Nzau amelala. Hilo ni jini, linavaa sauti ya mtu unayemlilia. Likikuita tena, usiitike."

Wakang'oa ule mti, wakauzika, maana hata moshi wake ni mbaya. Mwikali akalikemea jini mpaka ugoro ukaisha hewani. Lakini Mwelu hakufika hospitali.

Walipomzika, mtoto akakataa maziwa ya ng'ombe, akalia mpaka sauti ikakauka. Kamanthe akambembeleza peke yake. Ghafla mtoto akanyamaza, akageuza kichwa. Harufu ya maziwa ya mama ikaingia chini ya mlango.

"Mwaitu," Mwelu akaita huko nje, taratibu, "nipatie mtoto anyonye."

Kamanthe alikumbuka maneno ya Mwikali, yote. Akamfunika mtoto vizuri, akafungua mlango.