Amri Ambayo Hakuisikia

Mama Dobi alifua na kupiga pasi nguo za watu. Mwanawe wa pekee alikuwa fundi makochi. Kijana huyo alikuwa kiziwi tangu utotoni, na mke wake pia alikuwa kiziwi. Wote watatu waliishi nyumba moja na kuzungumza kwa mikono.

Fundi alikuwa mtani. "Mama, pasi yako inatoa moshi mwingi kuliko jiko!" alikuwa akisema kwa ishara. Mama alimrushia nguo mbichi, wakacheka.

Siku moja mchana, duka lililo karibu na karakana ya fundi liliibiwa. Askari walifika mbiombio. Fundi alikuwa anapita kwenda kununua misumari.

"Wewe, simama!" askari mmoja alipaza sauti.

Fundi aliendelea kutembea.

"Simama! Nitapiga!"

Mpita njia akamwashiria atazame nyuma. Fundi akageuka, akaona bunduki. Upesi akatia mkono mfukoni atoe kadi inayosema yeye ni kiziwi. Askari akadhani anatoa silaha. Akafyatua risasi.

Fundi alikufa palepale.

Mama alilia hadi sauti ikamkauka. "Kosa lake nini? Kutosikia?"

Baada ya maziko, mwalimu wa viziwi alikuja kuwapa pole. Alisema kwa mdomo na kwa mikono, ili mama na mkwe wote wamwelewe.

"Mama, mwanao hakukosa. Aliogopa. Askari naye aliogopa. Mwenye hofu huona kamba akasema nyoka."

"Basi nifanye nini? Mwanangu harudi."

"Harudi, mama. Ila mkweo yupo. Akisimamishwa, asikimbie, wala asitie mkono mfukoni au mkobani. Ainue mikono, viganja vionekane. Kisha aonyeshe sikio polepole. Kadi aivae kifuani."

"Mbona mnatufunza sisi tu?" mama aliuliza kwa uchungu. "Mwenye bunduki je?"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Kweli, mama. Wajibu wake ni mkubwa zaidi. Arudi nyuma, ajikinge kwa gari au ukuta, atazame mikono, asubiri. Twende tukawaambie."

Walikwenda kituoni mara mbili wakarudishwa. Mara ya tatu mkuu wa kituo aliwakusanya askari wake. Aliyemuua fundi hakuwepo. Alikuwa akingoja kesi. Mama alisimama mbele yao, akasema yote. Tangu hapo, kila wiki mwalimu aliwafundisha ishara.

Mwaka haujaisha, mkwe akasimamishwa barabarani na askari. Alirudi nyumbani mzima. Mama akamkalisha.

"Niliinua mikono," mkwe alieleza kwa ishara. "Nikaonyesha sikio. Askari akarudi nyuma ya gari, akatazama, akashusha bunduki. Akaniuliza kwa mikono: 'Wewe ni kiziwi?'"

"Alisubiri muda gani?"

Mkwe akafikiri. Akainua mkono mmoja, vidole vyote vimenyooka. Sekunde tano.

Mama akamkumbatia, akamshukuru Mungu kwa uzima wake. Kisha akamkumbuka fundi, machozi yakamtoka upya.

"Tano tu," alisema. "Tano tu, mwanangu."